Dhahabu ya Geita na Lugha ya Mbingu

Wako wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mahaba na nyimbo, hakiwezi kubeba elimu ya asili ya ulimwengu. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwaka 1981 Alan Guth alichapisha nadharia kwamba ulimwengu, mwanzoni kabisa mwa sekunde yake ya kwanza, ulifumuka ghafla. Mpishi ajuaye unga kuumuka hashindwi kulifahamu hilo. Mwaka 1998 waliopima nuru ya nyota zilizolipuka walibaini kuwa mtanuko haupungui, bali unazidi kasi. Je, wana wa manahodha walioongozwa na nyota wafichwe habari hiyo?

Hasara haiko vitabuni tu. Wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga hushuka shimoni kutafuta dhahabu isiyozaliwa ardhini: mgongano wa nyota mbili za nyutroni uliopimwa Agosti 2017 ulionyesha kwamba migongano ya namna hiyo huzaa metali nzito kama dhahabu. Watoto wao, wakifika sekondari, hufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Baba hutokwa jasho kwa masalia ya nyota, mwana hunyimwa kisa chake. Maskini si lugha. Maskini ni wenyewe waionayo haya.