Afya au Uzima? Istilahi ya Vihisi na Hatima ya Majengo

Katika miongo ya karibuni umekua ndani ya uhandisi uwanja ambao jina lake limeazimwa kutoka lugha ya hospitali: ufuatiliaji wa afya ya miundo, yaani majengo, madaraja na minara. Chombo chake kinachovutia zaidi ni kihisi kidogo kisichotumia waya, chenye kutumia umeme kidogo mno. Anayeihamishia istilahi hiyo katika Kiswahili hushawishika kuichukua sitiari ya hospitali kama ilivyo na kusema "afya ya majengo". Makala haya yanadai kwamba neno lifaalo ni uzima, na kwamba uteuzi huo si suala la urembo wa lugha. Unahusu jinsi onyo linavyoeleweka na ni nani anayewajibika kulifanyia kazi.

Yafaa kwanza kueleza chombo chenyewe. Kihisi cha aina hii kina sehemu nne: kipimio, kompyuta ndogo, redio na betri. Kipimio hupima mtikisiko, kuvutika kwa chuma, kuinama kwa ukuta, joto au unyevu. Kwa kuwa redio ndiyo aghalabu hula umeme mwingi zaidi, chombo hulala sehemu kubwa ya wakati; huamka kupima, hutuma matokeo kwa ufupi, kisha hulala tena. Kituo cha kupokea kikiwa mbali, vihisi hupokezana ujumbe kama watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliweka vihisi 64 katika daraja la Golden Gate, na ujumbe ulipitia hadi hatua 46 za kupokezana. Huko Trento, Italia, vihisi 16 viliwekwa katika Torre Aquila, mnara wa kale ambao kuta zake zina michoro ya miezi ya mwaka iliyochorwa yapata mwaka 1400. Ni dhahiri kwamba katika jengo la namna hiyo kukosekana kwa waya si anasa. Ukuta wenye michoro kama hiyo hautobolewi ovyo.

Hata hivyo, kipimo si maarifa. Ushahidi mzuri ni daraja la Z24 nchini Uswisi, lililopimwa kwa karibu mwaka mzima kuanzia 1997, kisha likaharibiwa kwa makusudi hatua kwa hatua mwaka 1998 kabla ya kubomolewa. Ilidhihirika kwamba baridi kali ilipoifanya lami iwe ngumu, daraja lilitikisika kwa kasi zaidi ingawa halikuwa limeongezeka nguvu. Asiyejua habari ya lami angeisoma namba hiyo vibaya. Kihisi kilisema kweli, lakini kweli hiyo ilihitaji mfasiri.

Hali inaweza kuwa mbaya zaidi pale ambapo dalili imeonekana na isieleweke. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara ya I-35W mjini Minneapolis, Marekani, lilianguka na kuua watu 13. Uchunguzi ulibainisha kwamba mabamba ya chuma yaliyounganisha viungo vyake yalisanifiwa yakiwa membamba kuliko ilivyopasa. Picha zilizopigwa mwaka 2003 zilionyesha baadhi ya mabamba hayo yakiwa yamepinda. Tena, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 daraja hilo lilikuwa limewekwa rasmi katika daraja la miundo yenye kasoro. Dalili zilikuwepo, na hata neno lilikuwepo. Lakini neno lenyewe lilikuwa la jalada, lisilomlazimisha mtu kuinuka kitini.

Hapa ndipo suala la istilahi linapoingia. Afya ni hali ya kiumbe hai, na kinyume chake ni ugonjwa. Mgonjwa huweza kulala akapumzika na kuamka amepona. Huweza pia kwenda mwenyewe kwa mganga na kueleza maumivu yake. Ukuta hauwezi lolote kati ya hayo. Anayezungumzia afya ya jengo huingiza, hata bila kukusudia, tumaini la kupona ambalo mawe na chuma havina. Uzima, kwa upande mwingine, hubeba maana mbili kwa pamoja: kutokuwa na maradhi na kutokuwa na mpasuko. Mtu huwa mzima, na sahani nayo huwa nzima. Kinyume cha uzima kwa vitu ni ubovu, na wasemaji wa Kiswahili husema "ukuta mbovu" bila kufundishwa na mhandisi. Ubovu hauponi, huongezeka mpaka fundi aingilie kati. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta imekwisha kuieleza falsafa nzima ya uwanja huu, isipokuwa kwamba kihisi hujaribu kuufahamu ufa kabla jicho halijauona.

Mfano wa karibu ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ulianguka na kuua watu wawili. Itakuwa ni kupotosha kudai kwamba vihisi vingeliokoa jumba hilo, maana ubovu wake haukuwa siri. Funzo lake ni jingine: kati ya kujua na kutenda pana pengo ambalo hakuna betri inayoweza kulijaza.

Huenda ikadaiwa kwamba sitiari ya afya imekwisha kuenea duniani, na kwamba kuiacha ni kujitenga na wataalamu wengine. Hoja hiyo ina uzito katika maabara, ambako namba husomwa na wajuzi. Lakini onyo halikusudiwi kuishia maabara. Lazima limfikie mlinzi wa jengo, mpangaji wa ghorofa ya tatu na fundi wa chokaa, nao hawana haja ya namba za mitikisiko. Wanahitaji kuambiwa kwa maneno yao kwamba ukuta huu si mzima, na kwamba waondoke.

Hivyo basi, wanaistilahi wasingoje vihisi vienee ndipo watafute maneno. Wakae na wahandisi na mafundi wa uashi, wakubaliane juu ya uzima na ubovu, na juu ya kauli zitakazotumika kwa kila kiwango cha hatari. Chombo kinachohisi ubovu na kikakosa wa kueleweka kwake hakina tofauti na ufa ulioonwa ukaachwa.