Steroidi za mbwa hazibadilishani kiholela

Mbwa anapojikuna hadi ngozi ikatoka damu, mwenye mbwa hutaka dawa ya kumtuliza siku hiyohiyo, na mara nyingi hupata sindano ya deksamethasoni au vidonge vya prednisoloni. Iliyoandikwa ikikosekana, hupewa nyingine kwa hoja kwamba zote ni steroidi. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa inaweza kumdhuru mnyama. Ndiyo maana nasema mwenye mbwa asiondoke kliniki wala dukani kabla ya kuandikiwa mambo manne: jina la dawa, dozi yake, sababu ya kuitoa na namna ya kuiacha.

Ni kweli kwamba dawa hizi zote huiga kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, na zote hupunguza uvimbe na kushusha kinga ya mwili. Zinapotofautiana ni katika nguvu na muda. Kazi ya miligramu 20 za haidrokotisoni hufanywa na miligramu 5 za prednisoloni, 4 za methiliprednisoloni, au 0.75 tu za deksamethasoni. Anayebadilisha prednisoloni kwa deksamethasoni bila kupiga hesabu, miligramu kwa miligramu, amezidisha dozi zaidi ya mara sita. Prednisoloni hufanya kazi kwa takriban siku moja, hivyo tiba ndefu huweza kupangwa siku moja ndiyo, moja hapana, ili tezi zipumue. Deksamethasoni hukaa mwilini muda mrefu mno kiasi cha kutoruhusu mapumziko hayo, na sindano ya methiliprednisoloni inayoyeyuka polepole hudumu kwa wiki kadhaa. Madhara yakitokea, haichomoleki tena. Prednisoni pekee ndiyo inayokaribia kuwa sawa na prednisoloni, kwa kuwa ini la mbwa huigeuza kuwa prednisoloni.

Hata dawa moja hubadilika kulingana na lengo. Prednisoloni ya mzio huwa kati ya nusu miligramu na miligramu moja kwa kilo ya uzito kwa siku. Ya kuzuia kinga isishambulie mwili wenyewe hufikia miligramu mbili. Sababu ya mwasho nayo ina uzito wake. Kama ni viroboto, steroidi hutuliza na viroboto hubaki; kama ni utitiri wa demodeksi, kinga ikishuka utitiri huzidi kuenea. Katika siku za mwanzo za tiba mbwa hunywa maji sana, hukojoa sana na hula kwa pupa. Tiba ikirefuka, tumbo hushuka, misuli hupungua na manyoya hupukutika. Tezi zake nazo huacha kazi, hivyo dawa ikikatwa ghafla mbwa anaweza kutapika, kulegea, hata kufa. Akiongezewa dawa ya maumivu kama meloksikamu au diklofenaki, tumbo linaweza kupata vidonda na kuvuja damu.

Wapo watakaosema daktari wa mifugo yuko mbali na ada yake ni kubwa, ilhali steroidi ni rahisi na inaonekana kufanya kazi. Nalikubali hilo. Steroidi huokoa maisha, kwa mfano ya mbwa ambaye kinga yake inaharibu chembe zake nyekundu za damu. Lakini kufaa kwa dawa hutegemea anayepewa. Hata kwa binadamu ni hivyo: mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko-19 waliohitaji oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Na kuandika mambo manne kwenye karatasi hakuhitaji maabara wala fedha. Wengine wataogopa kwamba maelezo haya yatawafanya watu wazikatae steroidi kabisa. Naamini kinyume chake: anayejua kwamba tiba ya siku chache kwa dozi sahihi kwa kawaida haina hatari kubwa ataitumia kwa utulivu, na hataikata katikati.

Baraza la Veterinari Tanzania na Bodi ya Veterinari ya Kenya husajili madaktari wa mifugo. Ziwatake waandike mambo hayo manne kila wanapotoa steroidi. Nasi wenye mbwa tusingoje agizo. Tuulize jina, tutaje kila dawa nyingine anayotumia mbwa wetu, na tukatae kubadilishiwa kabla daktari hajapiga hesabu upya.