Tupimwe Damu Kabla ya Ramadhani



Mwezi wa Rajabu uandamapo, majumba yetu huanza kujitayarisha: mapazia hufuliwa, bizari husagwa, na akina mama huanza kuhesabu mchele na tende. Katika matayarisho hayo twaomba liongezwe jambo moja, nalo ni kupima damu. Madaktari wa maradhi ya sukari huwashauri wagonjwa waonane nao wiki 6 hadi 8 kabla ya kufunga, yaani humo humo ndani ya Rajabu, ili pawe na nafasi ya kubadilisha dawa au vipimo vyake. Anayekwenda siku mbili kabla ya mwezi kuandama huwa amechelewa.

Twaanza na figo, kwa kuwa figo haziumi. Mtu aweza kupika, kuswali na kuozesha watoto huku zikidhoofika asijue. Maabara hupima kreatinini, taka itokayo katika misuli ambayo kazi ya kuitoa ni ya figo. Lakini kreatinini yaweza kuonekana ya kawaida hata figo zikiwa zimepoteza karibu nusu ya nguvu zake. Tena nyanya mwembamba, mwenye misuli michache, huitoa kidogo, na cheti chake kikawa kizuri kuliko hali yake. Ndiyo maana husomwa pia hesabu iandikwayo kwa herufi eGFR, inayotia ndani umri na jinsia. Ikiwa chini ya 60 kwa muda wa miezi 3 au zaidi, hayo ni maradhi ya figo ya kudumu. Mtu wa namna hiyo hafai kukaa saa 13 na zaidi bila tone la maji katika joto la Pwani kabla ya kuzungumza na daktari wake, wala kumeza ovyo zile tembe za maumivu ya magoti zinunuliwazo dukani.

Sukari nayo ina vipimo viwili vinavyochanganywa sana. Cha asubuhi kabla ya kula huonyesha hali ya siku hiyo tu, kikifika 7.0 na kikathibitishwa mara ya pili, hiyo ni sukari. Tunao shangazi zetu waachao halwa siku mbili kabla ya kliniki, wakarudi na majibu ya kupendeza! Kipimo cha HbA1c hakidanganyiki hivyo. Hicho hutazama sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kama siku 120, nacho husimulia habari za miezi 2 hadi 3, asilimia 6.5 na zaidi ni sukari. Ila familia zenye siko seli, nazo si haba hapa kwetu, na zimweleze daktari mapema. Chembe zao hufa upesi, na jibu laweza kushuka chini ya ukweli. Upungufu wa damu pia waweza kulivuruga.

Vipimo vya ini, ALT na AST, hupanda kwa mafuta yaliyojaa ini, kwa homa ya ini, na pengine kwa dawa, zikiwemo za mitishamba. Mtajieni daktari kila mnachokunywa.

Mkiambiwa mje hamjala, ni saa 8 hadi 12. Maji matupu huruhusiwa. Kahawa, hata iwe tungu, yaacheni baadaye pamoja na mahamri. Atumiaye insulini au tembe za sukari aulize kwanza kuhusu dawa ya asubuhi hiyo, asije akaanguka njiani. Na kwa wafungao Jumatatu na Alhamisi, wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema kwamba damu kidogo ya kupimwa haibatilishi funga. Mwenye shaka amwulize sheikh wake.

Linalotusikitisha ni kwamba mama humpeleka mume na watoto hospitali, zamu yake ikifika huambiwa, au hujiambia, kwamba fedha ni za nguo za Idi. Waume na watoto wa kiume, ulizeni bei ya vipimo hivi mapema na mwiweke kando. Cheti nacho kisitupwe: kitiwe ndani ya bahasha pamoja na cha mwaka jana, kwani daktari hujifunza mengi kwa kulinganisha.

Na ikiwa jibu ni kwamba asifunge, sheria imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa: kulipa siku akipona, au fidia kwa asiyetarajiwa kupona. Hata hivyo wako mama zetu wafichao cheti chini ya godoro kwa kuona haya mbele ya wakwe. Uji wake na upikwe asubuhi kama kawaida, apelekewe chumbani, na mtoto asimwulize mbona nyanya anakula.