Mbu wetu kasomwa wa mwisho

Wadau, leo siasa pembeni. Nina bakteria mmoja na mbu mmoja.

Bakteria anaitwa Salinisphaera shabanensis. Alipatikana kwenye shimo la Shaban, vilindini mwa Bahari ya Shamu, pale maji ya bahari yanapokutana na maji mazito yenye chumvi ya kupindukia. Mwaka 2009 Wasaudi walifungua chuo kikuu chao cha sayansi, KAUST, kando ya bahari hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa KAUST wakachapisha jenomu ya bakteria huyo, yaani vinasaba vyake vyote, herufi kwa herufi. Hakuna aliyekuwa anaumwa kwa sababu yake. Ni wa kwao, na uwezo wanao, basi.

Sasa twende Ifakara. Pale utafiti wa afya ulianza miaka ya 1950, na leo ipo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2017 watafiti wake walionyesha kwamba katika vijiji walivyochunguza bondeni Kilombero na Ulanga, zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria yaliletwa na mbu aina ya Anopheles funestus, ingawa Anopheles arabiensis ndio waliokuwa wengi zaidi.

Jenomu ya Anopheles gambiae, ndugu yao maarufu, ilitoka 2002. Ya funestus? Rasimu 2015, na iliyopangwa vizuri kromosomu kwa kromosomu 2019. Miaka 17 nyuma! Sababu moja inachekesha: funestus ni mgumu kufuga maabara. Jamani, huko kijijini hana ugumu wowote.

Najua mtaniambia tununue vyandarua kwanza. Sawa, lakini funestus wa bonde lile ameshazoea dawa inayopakwa kwenye vyandarua vingi. Usugu huo umeandikwa kwenye vinasaba vyake. Usipovisoma, unabadilisha dawa kwa kubahatisha, na anayelipia ni mama mwenye mtoto wa homa msimu wa kulima mpunga.

Wataalamu tunao. Ninachodai ni bajeti yetu wenyewe: mashine, umeme wa uhakika na ajira kwa vijana wa bioteknolojia. Mwenye mashine ndiye anayeamua nani asomwe kwanza, na mimi nataka uamuzi huo ufanyike karibu na mto Kilombero.

Au nakosea? Nawasilisha.