Sumu ya simba inavyowamaliza tumbusi

Februari 2018, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, simba sita walikutwa wamekufa. Habari hiyo ilivuma hadi nje ya nchi. Kilichotajwa kwa sauti ya chini ni kwamba tumbusi 74 nao walikufa katika tukio hilohilo, lililodhaniwa kuwa la sumu.

Idadi hiyo ya ndege ndiyo inayostahili kuchambuliwa. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe huutia mzoga sumu akimlenga simba mmoja au wawili. Lakini mara nyingi anayewahi ni tumbusi. Humwona mwenzake akishuka, naye hushuka, na baada ya muda mfupi ndege wa eneo zima wamekusanyika juu ya mzoga mmoja. Majangili, kwa upande wao, huwaua makusudi, kwani ndege wanaozunguka angani humwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipoangushwa. Nchini Botswana, Juni 2019, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537.

Pengo la namna hiyo halizibiki upesi, kwa kuwa tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu. Utafiti uliokusanya taarifa za vifo vyao katika nchi 26 za Afrika ulibaini kuwa asilimia 61 vilitokana na sumu, asilimia 29 na biashara ya viungo kwa ajili ya uganga, na asilimia 9 na nyaya za umeme.

Je, sumu yenyewe hutoka wapi? Nyingi ni viuatilifu vya kawaida vya shambani. Mkulima wa Mawengi anayekwenda Njombe au Makambako kununua dawa ya mahindi huingia duka la pembejeo kama lile ambalo mwenye nia nyingine angeliingia, na muuzaji hana namna ya kuwatofautisha. Mwaka 2009 mtengenezaji wa kabofurani aliiondoa katika soko la Kenya kufuatia kilio cha simba waliouawa kwayo. Sumu nyingine zikabaki.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyama kwa sumu. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi, sheria hiyo haimfikii mfugaji usiku ule anapomkuta ng'ombe wake ameraruliwa. Kanuni za mwaka 2011 zinampa kifuta jasho, na jina lenyewe linakiri kuwa si fidia. Chupa ya dawa iko karibu zaidi kuliko ofisi ya wilaya.

Wanaodhani haya ni mambo ya ndege tu waitazame India. Huko tumbusi waliteketea kuanzia miaka ya 1990 kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wa mitaani wakaongezeka na kichaa cha mbwa kikapata nafasi. Wachumi waliochapisha hesabu zao mwaka 2024 walikadiria kuwa watu wapatao 500,000 zaidi walikufa kati ya mwaka 2000 na 2005 kutokana na kutoweka kwa ndege hao. India ilikuwa na njia ya kuizuia dawa hiyo ya mifugo, na ikafanya hivyo mwaka 2006. Huku kwetu dawa ni ileile inayookoa mahindi, na hakuna atakayekubali ipigwe marufuku kabla mfugaji hajalipwa ng'ombe wake.