Baiskeli Zinahitaji Njia Isiyokatika

Kila linapozuka suala la njia za baiskeli Dar es Salaam, hoja ile ile hurudi: waendesha baiskeli ni wachache, fedha ziende kwenye magari. Wachache kwa nini? Jiji sehemu kubwa ni tambarare. Muuza madafu na mchukuzi wa mkaa huingia mjini kwa baiskeli wakibanwa na daladala kulia, mtaro kushoto. Wanavumilia kwa kuwa kipato hakiwapi njia nyingine. Mwenye nauli hathubutu, na ana haki ya kuogopa.

Sevilla, Hispania, ilikuwa hivyo hivyo. Hadi 2006 baiskeli hazikuonekana sana mitaani. Halmashauri ikajenga takriban kilomita 80 kwa mkupuo, njia zilizotengwa na magari na zilizounganika tangu mwanzo, nafasi kubwa ikichukuliwa kwenye maegesho. Katika miaka michache safari za baiskeli zikaongezeka karibu mara kumi, katika jiji ambalo joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Sioni siri nyingine hapo zaidi ya ule muunganiko. Kipande kimoja kizuri hakimtoi mtu nyumbani ikiwa mbele yake kuna makutano ya kutisha.

Sisi tunavyo vipande. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kutoa huduma 2016 ulileta njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na ulistahili sifa. Lakini ukichepuka kuingia Manzese au Mabibo, njia imekwisha. Hata penye njia, bodaboda hupita na bidhaa hupangwa. Machinga simlaumu, hakutengewa pa kuuzia, na mgambo wa kumfukuza hatatatua hilo. Nguzo fupi za zege na meza za biashara zilizopangiwa nafasi tangu kwenye ramani zingefaa zaidi.

Kwa kuwa kinachokosekana ni muunganiko, fedha za kwanza nisingezipeleka ufukweni kwa matembezi ya jioni. Ningezipeleka kwenye barabara za mitaa zinazoelekea vituo vya mwendokasi, ambako watu wengi huishi kilomita mbili tatu tu kutoka kituoni. Maegesho ya magari yatapungua, na baadhi ya wenye maduka watalalamika. Hasara yao ni ya kweli na izungumzwe nao mapema. Kituoni pawepo banda la baiskeli lenye mlinzi, kwa sababu anayehofia kuibiwa baiskeli ataiacha nyumbani hata kama njia ni salama.