Barua Pepe za Biashara: Tuzikabidhi kwa Nani?

Suala la mfanyabiashara kuzikabidhi barua pepe zake kwa kampuni ya nje, au kuziweka katika seva yake mwenyewe ofisini, aghalabu hujadiliwa kwa hoja ya bei peke yake. Sisi tunaona kuwa hilo ni kosa. Barua za biashara ni amana. Ndani yake mna hati za malipo, mikataba na siri za watu waliotuamini. Basi swali la kwanza ni nani mwenye uwezo wa kuilinda amana hiyo usiku na mchana.

Wanaopendelea seva ya ofisini husema kuwa chako ni kilicho mkononi mwako. Kauli hiyo ina ukweli, lakini tukumbuke yaliyotokea mwaka 2021. Tarehe 2 Machi kampuni ya Microsoft ilitangaza kasoro nne katika programu ya Exchange, inayoendesha seva za barua za maofisini, ikatoa na marekebisho yake. Kasoro hizo hazikuigusa huduma yake ya mtandaoni. Walioumia ni wenye seva zao wenyewe, maelfu kwa maelfu duniani, na wengi wao ofisi ndogo zisizo na mtu wa kuyatia marekebisho hayo upesi. Je, dukani kwetu mtu huyo yupo? Mara nyingi ni kijana wa kuitwa kwa simu, naye huja akipata nafasi.

Isitoshe, tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya kuthibitisha kuwa barua imetoka kwa mwenye anuani kweli. Asiyeyatimiza, ankara yake huishia kwenye barua taka, au hukataliwa kabisa.

Hata hivyo, hatusemi kwamba aliyekabidhi amesalimika. Desemba 2022 kampuni ya Rackspace ya Marekani ilivamiwa na wadukuzi wanaofunga kumbukumbu za watu ili walipwe. Huduma yake ya Exchange ilisimama na haikurudishwa tena, na wateja wakakaa wakizisubiri barua zao za zamani. Nayo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, ofisi nyingi za Afrika Mashariki zilionja maana ya kutegemea seva ya ng'ambo.

Rai yetu ni kwamba biashara isiyo na fundi wa kudumu ikabidhi, lakini isikabidhi kila kitu. Nakala ya barua ibaki ofisini. Na jina la anuani, yaani lile linalofuata alama ya @, lisajiliwe kwa jina la biashara yenyewe, si la kijana aliyetengeneza tovuti. Mwenye jina lake aweza kumhama mtunzaji mbaya ndani ya siku chache, na wateja wasijue kuwa kuna kilichobadilika. Asiye nalo atalazimika kuomba ruhusa ya kutumia anuani iliyoandikwa kwenye kibao cha duka lake mwenyewe.